Upepo wa Gurudumu la Kushoto

Baiskeli ilikuwa imeshatoka uani, mama anakanyaga pedali, na Dada bado anatafuta kiatu cha pili.

"Dada, sisi tunakwenda!" Bonge alipiga kelele kutoka ndani ya sanduku.

"Nendeni! Nani amewashika?"

Wote nyumbani walimwita Dada, hata mama yake, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, Bonge minne, na mdogo wao Kidoti mitatu. Baiskeli yao ilikuwa ya mizigo, magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Mbele palifungwa sanduku la mbao lenye kibenchi na mikanda miwili. Wadogo waliketi humo wakimtazama mama usoni, naye aliwahadithia njia nzima mpaka chekechea, kisha akaendelea hadi kiwandani alikoshona sare.

Hapo ndipo palipomchoma Dada. Zamani yeye alibebwa nyuma ya baiskeli ya kawaida, akitazama mgongo wa mama tu, maneno yote yakichukuliwa na upepo. Sasa hata huo mgongo hakuwa nao. "Wewe una miguu mirefu, mwanangu," aliambiwa, "na shule ni hapo tu." Kila asubuhi alipofika barabarani, mama na wadogo zake walikuwa wameshakata kona. Aliachiwa kicheko chao.

Jumatatu moja aliamka kabla ya wote. Akachukua pini ya nywele, akabonyeza kile kimdomo cha kutilia upepo kwenye gurudumu la kushoto. Tsss! Tairi likalala.

"Haya, leo tunasukuma," mama alisema.

Wakaenda wote kwa miguu. Mama alimuuliza Dada habari za hesabu, na za yule rafiki aliyemnunia. Akamsimulia jinsi siku yake ya kwanza kiwandani alivyoshona suruali akaziba mguu mmoja. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano akabonyeza tena. Siku hiyo msimamizi wa kiwanda alimwonya mama: akichelewa mara ya tatu, atasimamishwa kazi. Dada alimsikia mama akimweleza jirani, akajiapia kuacha. Lakini Ijumaa wivu ulimshinda, pini ikafanya kazi yake.

Mama hakuhadithia chochote siku ile. Alisukuma baiskeli moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha fundi.

"Fundi, unanifanya mjinga? Jumatatu umetengeneza, Jumatano umetengeneza, leo limelala tena!"

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai la maji. Wakangoja. Hakuna povu hata moja.

"Mama, mpira huu mzima kuliko mimi na wewe."

"Basi upepo unatoka kwa miujiza?"

Wateja wawili wakacheka. Mmoja akaanza kukokota baiskeli yake. "Mimi naona nijaribu kwa fundi mwingine," alisema.

Fundi alifuta mikono, uso umemshuka. "Labda nimekosea. Niachie nitazame tena."

"Hapa siji tena! Na wenzangu wote nitawaambia."

"Mama," Dada alisema, "fundi hakukosea. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ninatoa upepo. Kwa pini."

"Dada katoa upepo! Dada katoa upepo!" Bonge alishangilia.

"Nyamaza wewe! Kwa nini, Dada?"

"Ukisukuma tunakwenda pamoja. Unaongea na mimi."

Mama aliketi kwenye ukingo wa sanduku. Kisha akasimama. "Fundi, nimekuvunjia heshima mbele ya wateja wako. Niwie radhi."

"Yameisha, mama."

Akamgeukia binti yake. "Kuwaonea wivu wadogo zako si ajabu. Hata mimi nilimwonea wivu dada yangu. Ubaya ni kuuficha mpaka ukawaumiza watu. Fundi amefukuziwa mteja, na mimi kazi yangu sijui. Mdomo unao, mwanangu. Kinachokuuma, kiseme."

"Ungeniambia mimi ni mkubwa."

"Kweli, ningesema hivyo. Hapo na mimi nina kosa langu. Lakini hata nikikujibu vibaya leo, kesho sema tena. Usitafute pini."

Mama alisimamishwa kazi wiki mbili, kisha akarudishwa. Dada alikwenda kwa fundi Jumamosi tatu kusafisha minyororo, na mama hakuhitaji kumkumbusha. Yule mteja hakurudi. Kila Ijumaa familia iliondoka nusu saa mapema, baiskeli ikasukumwa, Dada akatembea ubavuni mwa mama. Miaka miwili baadaye Bonge alianza darasa la kwanza, akaenda kwa miguu akinung'unika. Kidoti alibaki peke yake kwenye sanduku mwaka mmoja zaidi.