Mkulima Namba 14

Wanaosema mapenzi huanzia machoni hawajafika Kasongo. Haya yalianzia kwenye mashine ya kuchapa iliyokwama.

Léocadie aliingia kibandani kwa Pitchou, katikati ya soko, kitenge cha kijani kimemkaa vizuri, vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtafiti wa biolojia ya molekuli, kazi yake kuchunguza vinasaba vya virusi vya muhogo, na alitaka kuchapiwa orodha ya makala zake ili chuo kimpandishe cheo. Ukurasa wa pili ukakwama. Pitchou, shati jeupe limenyooshwa pasi, akauvuta taratibu huku akisoma kila mstari.

"Docteur, makala makumi mbili na tatu. Na hii ya saba, watu mia tatu wameitaja katika makala zao. Mimi, hata mama yangu hanitaji hivyo."

Léocadie akacheka, naye Pitchou akacheka, na karatasi ikasahauliwa. Miezi mitano simu hazikukatika. Kila jioni Pitchou alimuuliza mpenzi wake leo ametajwa mara ngapi, naye akimjibu kwa madaha. Mwishowe Pitchou akampeleka kijijini Lusangi kwa mama yake.

Mama Cécilia hakungoja salamu ziishe. Alimtazama mgeni usoni, akapiga vigelegele. Kumbe ni yule msichana aliyekuja miaka mitano nyuma kukata majani ya muhogo, akampiga na picha! Tangu siku ile, akawaambia majirani waliojaa uani, amekuwa akisema: katika Lusangi nzima walichagua shamba langu, kwa sababu ndilo safi kupita yote. Akamwagiza Pitchou aitafute picha hiyo, wapate kuitundika ukutani.

Léocadie alitamani ardhi ipasuke immeze. Picha ile aliijua, ilikuwa ndani ya makala ya saba. Akainamia sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akala, akashukuru, asiseme neno. Hapo ndipo alipoharibu.

Pitchou aliitafuta mtandaoni, akaipata. Macho ya mama yake yamefunikwa kwa mstari mweusi, na chini imeandikwa: Mkulima namba 14, shamba lisilotunzwa. Akampigia Léocadie simu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wakati tunakula kwa mama, ulijua?"

"Ndiyo."

"Mama anaamuka alfajiri kupalilia. Watu mia tatu wanasoma eti yeye ni muvivu."

Simu ikakatwa. Maneno yale Léocadie aliyaandika kwa haraka, mbali huko Kinshasa, kwa kuwa picha ilihitaji maneno chini yake, na hakuna aliyemuuliza. Wiki tatu hakuweza kumtazama mtu usoni kwa aibu, na kila alipoona idadi ya waliomtaja imeongezeka, alifunga kompyuta.

Mwishowe akaliandikia barua jarida lililochapisha makala hiyo, kuomba kusahihisha. Mkuu wake chuoni alimwonya kwamba kosa moja likikiriwa, watu watazitilia shaka makala zote. Akaipeleka barua hivyo hivyo. Kisha akapanda pikipiki peke yake hadi Lusangi, akapiga magoti mbele ya Mama Cécilia, akasema yote bila kupunguza.

Mama akaweka jembe chini.

"Majani yalikunjamana kwa ugonjwa, niliyaona. Nilizani ulipenda palizi yangu," akasema. "Mwaka ule nililipalilia shamba mara tatu. Hiyo uliiandika wapi?"

"Sikuiandika, Mama."

"Na mimi si namba. Niko na jina."

Hakumwambia amemsamehe. Alimpa maji ya kunywa, akarudi shambani.

Miezi miwili baadaye Léocadie alisimama tena kibandani, bila madaha. Pitchou alipokea orodha mpya bila kumtazama, akaichapa, akasoma mstari wa ishirini na nne. Marekebisho: shamba la Mama Cécilia wa Lusangi lilikuwa limepaliliwa vizuri. Ugonjwa ulitokana na virusi peke yake. Kosa ni langu.

"Hii imetajwa mara ngapi?" akauliza.

"Hakuna mutu. Na cheo wamekizuia."

Pitchou akachapa nakala nyingine, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Hii ni ya ukuta wa mama. Niliiona mtandaoni asubuhi, nikamusomea kwa simu. Saa hii ameshaitaja kwa Lusangi nzima. Anauliza mukwe wake atakuja lini kupalilia."

Léocadie alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Aibu ilikuwa bado ipo, na machozi juu yake.

"Mwambie Jumamosi," akasema. "Nitakuja na jembe langu."