Saa Mbili za Bomba

Karani wa kata hakuwa na gari. Hakuwa na msaidizi tangu yule wa zamani astaafu. Hakuwa na kipaza sauti, wala barakoa za kugawa, wala mafuta ya pikipiki, na pikipiki yenyewe ilikuwa mbovu. Alikuwa na baiskeli, na ufunguo wa bomba la maji la kata nzima.

Homa ya mapafu ilipoingia, wilaya ilileta waraka: "Kuzuia msongamano, bomba lifunguliwe saa mbili tu kwa siku." Karani alitii. Kila asubuhi alifungua saa moja, akafunga saa tatu.

Wiki ya pili, mkewe alirudi na ndoo nusu.

"Leo hata mkunga aliyenizalisha kanipiga kiwiko," alisema. "Tumebanana kama njiti kibiritini. Mtu kanikoholea sikioni!"

"Si nimewaambia wakae mbalimbali?"

"Umewaambia watu, baba watoto. Na maji je, umeyaambia yasubiri?"

Chumbani, mama yake karani alicheka mpaka akakohoa. Bibi huyo alikuwa na pumu. Kikohozi kile kilimkata mwanawe maini.

Akaenda kituo cha afya. Muuguzi alimfungulia daftari.

"Wiki iliyopita wagonjwa wapya kumi na mmoja. Wiki hii ishirini na sita. Wengi walikuwa kwenye foleni ya maji."

"Lakini tumepunguza saa ili watu wasikutane!"

"Kaka, nyumba mia mbili zinataka maji. Ukizipa saa mbili, zinakuja zote kwa mpigo. Ukizipa kutwa, zinakuja chache chache. Ugonjwa huu hupita kwa pumzi. Jirani akikohoa, wewe unavuta alichotoa."

"Waraka umetoka wilayani."

"Aliyeuandika ana bomba jikoni kwake."

Karani alirudi nyumbani akipiga hesabu. Kuvunja agizo kungeweza kumpotezea kazi ya miaka kumi na minane. Kulitii kungeweza kumzika mama yake.

Kesho yake alifungua bomba alfajiri, akalifunga jioni. Alipita mtaa kwa mtaa kwa baiskeli. Kila mtaa aliupa saa yake. Kila nyumba ilete mtu mmoja, amefunika pua na mdomo. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, jirani amchotee. Alichora mistari ya chokaa, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Kando ya bomba aliweka sabuni, watu wanawe kabla ya kulishika.

"Karani," fundi viatu alimtania, "siku hizi maji yana ratiba kama treni?"

"Tena ukichelewa inakuacha, fundi. Rudi kwenye mstari wako!"

Watu wakacheka, na fundi akarudi.

Baada ya wiki tatu muuguzi alileta daftari mwenyewe. Wagonjwa wapya walikuwa wanne. Bibi hakuugua.

Jioni hiyo karani alichukua karatasi.

"Mambo yametulia," mkewe alisema. "Ya nini kujichongea?"

"Kata saba bado zinafunga saa tatu. Huko nako kuna mama za watu."

Akaandika:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, nimevunja agizo lako. Kwanza nililitii, wagonjwa wakaongezeka, na hilo ni kosa langu pia, maana macho ninayo. Sasa bomba liko wazi kutwa, na wagonjwa wamepungua. Hesabu ya muuguzi nimeiambatanisha. Naomba kata zote zifanye hivyo. Kama nastahili adhabu, nipo ofisini."

Akatia sahihi, jina lake lote.

"Nisomee tena," mama yake alisema. Alisomewa mara tatu, kidevu juu kama aliyeiandika yeye.

Karani akainua bahasha mdomoni ailambe.

"Wee! Ulimi tena?" mkewe alimaka.

Karani akacheka. Akachovya kidole kwenye maji, akalowesha gundi, akaifunga bahasha barabara. Kisha akaenda posta, akaitumbukiza sandukuni.