Ndoo Mbili za Korosho Changa

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bibi Hawa wa Mpapura aliwatangulia wajukuu zake shambani kuokota korosho zilizoanguka usiku. Waliinama chini ya mikorosho, wakakongoa kila korosho kwenye bibo, lile tunda lake lenye majimaji, wakaitia ndooni. Shamimu, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ametoka Ufukoni mjini kuja kutembea kwa likizo fupi. Latifa, binti wa mjomba wake, alizaliwa hapo hapo shambani.

"Shamimu anaokota kama anayechagua kitambaa dukani," Latifa alimtania siku ya tatu. Ndoo yake ilikuwa imejaa. Ya Shamimu haikufika nusu.

Utani huo ulimchoma. Bibi aliporudi nyumbani na Latifa alipokwenda kuchota maji, Shamimu alichukua ufito mrefu, akaenda kwenye mikorosho minne ya mpakani mwa shamba, akaipiga matawi. Korosho zikamwagika, zilizokomaa na changa, pamoja na maua. Alijaza ndoo mbili, akazimwaga jamvini na kuzichanganya na zile zilizoanikwa.

Adhuhuri Bibi aliyakuta maua yametapakaa chini. Aliketi hapo hapo mchangani. Shamba hilo ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki, na miti hiyo minne ndiyo pekee iliyokuwa bado na maua msimu ule.

"Nani kaja kunimaliza?" aliuliza. "Latifa, wewe ndiye uliyepita huku kwenda kisimani."

"Si mimi, Bibi."

"Kama si wewe, nani?" Bibi alimnyang'anya ndoo, akamwambia asikanyage tena shambani.

Shamimu alisimama kando. Alitaka kusema, akaogopa. Latifa alilia mpaka sauti ikamkauka, na kila kilio chake kilimwongezea Shamimu uchungu. Alijiona mtu mbaya kuliko wote aliowahi kuwajua.

Walikaa kula ugali wa muhogo. Mjomba Yusufu, baba yake Latifa, aliona kila mtu amenuna, akataka kuwachangamsha.

"Haya, mtu wa mjini, leo umeleta ngapi?"

"Nimechuma ndoo mbili, mjomba."

Mdomo uliponza kichwa. Bibi aliacha kula. Pale kwao hakuna anayechuma korosho. Huokotwa zikishakomaa na kuanguka zenyewe.

"Umechuma?" Bibi aliuliza taratibu.

Latifa, macho yangali mekundu, aliwahi kujibu. "Ni maneno ya mjini tu, Bibi. Huko hawajui tofauti. Usimgombeze."

Shamimu alishindwa kuvumilia. Aliyemwachia abebe kosa lake ndiye aliyekuwa akimtetea.

"Nimechuma, Bibi," alisema huku akilia. "Nilipiga matawi kwa ufito. Korosho changa zimo jamvini. Latifa hajafanya kitu."

Bibi aliinuka. Mzigo ukifika kwenye ghala la ushirika una korosho changa, wote hushushwa daraja na bei, na kesho yake ndiyo ilikuwa zamu yao kupeleka. Walitoka wote wakakaa jamvini, wakachambua moja moja. Kufikia alasiri mzigo ulikuwa umesalimika. Lakini maua ya ile mikorosho minne hayangerudi, na Bibi hakuficha machozi yake.

"Latifa, nisamehe mjukuu wangu," alisema. "Nilikuhukumu bila kuona." Kisha akamgeukia Shamimu. "Mti uliopigwa utangoja mwakani, Mungu akipenda. Lakini mtu aliyebeba aibu yako hangoji. Kila dakika unayonyamaza inamuumiza. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

Shamimu alimwomba Latifa radhi. Latifa alisogea kidogo jamvini, akampisha akae karibu naye.