Simba wa Kupigia Picha

Ukumbi wa maonyesho ya utalii ulifurika watu siku daktari wa mifugo alipokwenda kutafuta likizo isiyomuumiza kiumbe yeyote. Gauni lake la kijani likanasa kwenye kona ya meza. Aliyelinasua alikuwa muuza safari, mrefu, shati jeupe limenyooka, tabasamu la mtu asiyezoea kukataliwa.

"Kambi hii inajali mazingira, dada. Unakumbatia watoto wa simba."

"Mama yao yuko wapi?"

"Sijauliza."

"Umewahi kufika huko?"

"Nikifika na wewe, nitauliza."

Daktari alicheka, akaikataa safari, akampa namba. Simu zikaanza. Asubuhi "umeamkaje, mpenzi", mchana "laazizi, umekula?" Mwezi wa pili akakubali waende wakaone wenyewe.

Waliona. Nyuma ya mabanda, mtunza wanyama alimchapa mtoto wa simba puani kwa fimbo ya chuma, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikaruka kwenye nyasi. Simba huyo alitakiwa atulie, wageni wapige naye picha. Daktari aliirukia fimbo. Mlinzi akamzaba kofi lililompasua mdomo, akaanguka chali.

Muuza safari alisimama kama mlingoti. "Mpenzi, tuondoke. Utaniharibia kazi."

"Kazi?" Akatema damu miguuni pake. "Usinipigie tena."

Wiki mbili simu iliita, hakupokea. Usiku mto ulilowa machozi. Asubuhi alinawa uso akaenda kazini.

Mchana mmoja, kliniki imejaa mbuzi na mbwa, mlango ulisukumwa kwa bega. Alikuwa muuza safari, jicho limefumba, mkono unaning'inia, shati limegandamana na damu.

"Nilirudi kule peke yangu," alisema. "Nikarekodi kila kitu. Wakanikamata getini, wakanikanyaga mkono mpaka nikasikia mfupa ukilia. Lakini video nilishaituma kwa maofisa wa wanyamapori. Asubuhi hii wameifunga kambi."

"Na kazi yako?"

"Wamenitimua."

"Sasa umekuja huku kufanya nini? Mimi natibu mbwa."

"Siku ile nilikuwa mbwa."

Daktari alitaka kucheka, kilio kikamtoka. Akaufunga mkono kwa banzi. Jamaa alipiga yowe, mbuzi wakamwitikia.

"Nataka kukuoa," alisema, meno yameumana.

"Nyamaza kwanza nikupeleke hospitali." Akamshika kiuno, akamwegemeza begani. "Jibu utalisikia njiani."

Hawajafika hata barabarani, akalisikia: ndiyo.