Korongo Ajifunza Kuburuta Miguu

Nyumba yao ilikuwa na kitanda kimoja kikubwa, na kitanda hicho hakikupata nafasi ya kupoa. Jioni mume aliamka akaenda darajani kuvua. Usiku mke alilala palepale. Alfajiri mke aliamka, mume akaingia na harufu ya chumvi, akajitupa penye joto lake. Wakati mwingine walipishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana zamu.

"Umeamkaje, mama watoto?"

"Sijaamka bado. Nimesimama tu."

Mke alikuwa fundi cherehani. Siku moja alikuwa ameshona kola za sare za shule tangu asubuhi. Shingo ilimuuma, vidole vilimwaka, na miguu ilikuwa imevimba kwa kukanyaga cherehani. Alikuwa anafunika mashine yake mume aliposimama mbele yake na taa ya karabai mkononi.

"Usiku huu maji yatakupwa sana," alisema. "Gayogayo watakuwa wamejaa pale chini ya daraja. Nisaidie kushika karabai. Saa mbili tu."

"Baba watoto, mgongo wangu umekakamaa kama ubao."

"Ndiyo maana twende ukaunyooshe."

"Kwa kuinama majini?"

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka hoi. Mke alijua mumewe hana mtu mwingine. Mshika karabai wake wa zamani alichomwa mguu na nyenga miezi mitatu iliyopita. Nyenga ni samaki bapa mwenye mkia mrefu kama mjeledi, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Mtu yule aliufunga mguu kitambaa, akakaa nyumbani, akisema utapona wenyewe. Mguu ulioza. Sasa alitembea kwa magongo, na hakuna aliyemwita kazini.

"Na wewe ukichomwa?" mke aliuliza.

"Mimi? Yule alikuwa anakanyaga kama gunia. Mimi naitwa Korongo bure?"

Kweli, darajani wote walimwita Korongo. Alipoingia majini alinyanyua goti juu kabisa, kisha akaushusha mguu taratibu, bila kutikisa maji. Alijivunia hatua hiyo. Alisema samaki hawamsikii mpaka mkuki uwafikie.

Watoto walibaki na shangazi yao chumba cha pili. Mume na mke wakaenda.

Daraja lilikuwa refu, la zege, na lilivuka mahali mto unapoingia baharini. Juu yake wavuvi walisimama kwenye ukingo, kila mmoja na mshipi wake. Lori lilipopita, ukingo ulitetemeka na mishipi yote ikatetemeka nao. Mwanzoni mwa daraja alikaa mama mmoja muuza chai, na jiko lake la mkaa na birika kubwa jeusi. Wavuvi walimwita Mama Birika.

"Fundi, mbona unatembea umefumba macho?" Mama Birika aliuliza.

"Sijayafumba, mama. Yamejifumba yenyewe."

Walishuka ngazi za mawe mpaka chini. Maji yalifika magotini. Mke aliinua karabai, na mwanga ukapenya mpaka mchangani. Mume alimwonyesha gayogayo wa kwanza. Ni samaki bapa, macho yote mawili yako upande mmoja. Hujilaza chini na kujifunika mchanga, usione ila umbo lake, kama unyayo mkubwa. Korongo alishusha mkuki wake wa meno matatu. Chwap! Samaki akaingia kikapuni.

"Umeona?" alisema. "Sasa nyanyua miguu, mke wangu. Unaiburuta. Unachafua maji."

"Hainyanyuki."

"Jitahidi! Tope likitibuka, hatuoni kitu."

Mke alijaribu hatua mbili tatu za korongo. Magoti yalikataa. Akarudi kuburuta miguu yake mizito. Mara moja alihisi kitu laini kikiteleza mbele ya vidole vyake na kuondoka. Alichoka hata kusema.

Mume alimtangulia ili apate maji safi. Aliona umbo la gayogayo mwingine. Alinyanyua goti juu, akaushusha mguu taratibu, bila sauti.

Kitu kipana kama sinia kiliruka chini ya unyayo wake. Kisha Korongo akapiga yowe ambalo wavuvi wote wa juu walilisikia.

"Mguu wangu! Mama yangu, mguu wangu!"

Mke hakuidondosha karabai. Mpaka leo hajui aliwezaje. Alimshika mumewe kiunoni, akambeba nusu na kumvuta nusu. Wavuvi wawili walishuka wakawapokea kwenye ngazi. Kifundoni palikuwa na tundu, damu ikitoka. Mwanamume yule aliyezoea kukaa kimya usiku kucha alikuwa akitetemeka na kulia.

Kila mtu alikuwa daktari.

"Mtieni mguu barafuni!" alisema mmoja, akifungua sanduku lake la samaki.

"Mmwagieni mafuta ya karabai!"

"Mkojo! Dawa yake ni mkojo!"

"Wa nani?" mwingine aliuliza. Siku nyingine wangecheka.

Mke alilitazama lile sanduku la barafu. Akakumbuka. "Yule mshika karabai mlimtia humu humu?" aliuliza.

Wavuvi wakatazamana.

"Toeni barafu hiyo hapo!" Sauti ilitoka nyuma yao. Mama Birika alikuja mbio, birika mkono mmoja, beseni la kuoshea vikombe mkono wa pili. "Sumu ya nyenga haitaki baridi. Inataka maji moto. Wewe, leta maji safi ya kunywa. Fundi, osha kidonda kwanza, kisha bana kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Uone kama kuna mwiba umebaki."

Mke aliosha, akakibana kidonda kwa kitambaa, akaleta karabai karibu. "Sioni mwiba."

"Vizuri. Ungekuwa umezama ndani sana, tusingeuchomoa. Tungemkimbiza hospitali nao. Hata akichomwa kifuani, tumboni au shingoni ni hospitali mbio, hakuna cha beseni."

Alimimina maji ya birika, akayapoza kwa maji baridi kidogo kidogo.

"Tia mkono wako upime," alimwambia mke. "Yawe ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, lakini yasikuunguze. Usimwulize yeye. Maumivu yamemchanganya, utambabua bila yeye kujua."

Mke alichovya mkono. Akautoa. Akaongeza maji baridi kidogo, akachovya tena. "Sasa sawa."

Korongo alitia mguu, akafunga macho. Dakika kumi alilia. Dakika ya ishirini alinyamaza. Kila maji yalipopoa, walitoa mguu nje, wakaongeza ya moto, mke akapima tena. Chai yote ya usiku ule haikuchemshwa. Baada ya saa nzima Korongo alifungua macho.

"Imepungua," alisema kwa mshangao. "Jamani, imepungua."

"Imepungua, haijaisha," Mama Birika alisema. "Asubuhi, moja kwa moja kituo cha afya. Yule mwenzako naye aliona nafuu akakaa nyumbani."

"Haya yote uliyajulia wapi, mama?" mke aliuliza.

"Muuguzi alituita sisi wauzaji wa darajani, akatufundisha. Na wavuvi waliitwa pia. Walisema wana kazi."

Wavuvi waliangalia maji.

"Na mimi nakaa hapa juu miaka kumi na moja," aliendelea. "Nawaona mnavyotembea. Korongo, mwanangu, hatua yako ni nzuri kwa kuwinda, lakini nyenga naye hakusikii. Amelala mchangani, anashtukia mguu umemtua mgongoni. Atafanya nini? Atachoma. Ukiburuta mguu, unamgusa ubavuni, anaondoka zake. Fundi ameburuta miguu usiku kucha. Amechomwa?"

Mke alikumbuka kile kitu laini. Akaitazama miguu yake.

"Lakini tope, mama," Korongo alilalamika. "Tukiburuta, maji yanachafuka."

"Kwa sababu mnafuata mkondo. Tope linawatangulia. Anzieni upande wa bahari, mpande kuelekea mkondo unakotoka. Tope litabaki nyuma yenu. Mbele kweupe."

Korongo aligeuka kuutazama mkondo. Miaka tisa ya kuvua, na hakuwahi kuliona hilo.

Asubuhi, bila usingizi, mke alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alisafisha kidonda vizuri na kutoa kipande kidogo cha mwiba ambacho karabai haikukionyesha. Alimchoma sindano ya kuzuia pepopunda, akampa vidonge.

"Mmalize vyote," alisema, "hata kidonda kikionekana kimepona. Na mguu ukivimba, ukitoa usaha au mwili ukiwa wa moto, rudini siku hiyohiyo."

Wiki tatu Korongo alikaa kando ya cherehani, mguu juu ya kiti, akikata nyuzi za kola. Zilikuwa wiki ngumu. Mke alishona mpaka usiku na kula walikula mara moja kwa siku. Lakini vidonge viliisha vyote, na kidonda kikafunga.

Maji makubwa yalipokupwa tena, walishuka ngazi pamoja, wote wamevaa viatu vya mpira. Walianzia upande wa bahari. Korongo aliburuta mguu wa kwanza kwa aibu, akiupapasa mchanga mbele yake kwa mpini wa mkuki. Tope lilipanda, likarudi nyuma. Mbele maji yalikuwa kama kioo. Nyenga mmoja alijitikisa, akaondoka polepole kama mkeka unaovutwa. Hatua chache mbele walikuta gayogayo watatu.

"Jamani, Korongo amekuwa bata!" mtu alipiga kelele kutoka juu.

"Bata anarudi nyumbani na miguu miwili!" Korongo alijibu. Ukingo mzima ukacheka. Na kabla usiku haujaisha, wavuvi wawili walikuwa wameshuka, nao wakiburuta.

Walifika nyumbani kukiwa bado giza. Mke alikaa kitandani, hana hata nguvu ya kuvua viatu. Alisikia jiko likiwashwa. Baadaye mume aliingia na beseni, akaliweka mbele yake, akamvua viatu kimoja kimoja. Miguu ilikuwa imevimba, kwa maji na kwa cherehani.

Hakumwambia atie miguu. Alichovya mkono wake kwanza, akaongeza maji baridi kidogo, akachovya tena.

"Sasa sawa," alisema.