Marashi ya Akiteng

Mtoto aligeuza uso. Kisa chenyewe kilianzia hapo, Jumatatu asubuhi mjini Busia, mwaka wa pili tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe Uganda. Anjeline alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, vifungo vya blauzi wazi, na Mangeni, mtoto ambaye siku zote alilivamia titi kana kwamba kuna anayemnyang'anya, alilinusa, akakunja pua, akaugeukia ukuta.

"Ala! Umekuwa bwana mkubwa leo?" Anjeline akamtania. "Jana umebatizwa, leo unachagua chakula?"

Akamrudisha kifuani. Mtoto akalia kama aliyelazimishwa kunywa dawa, akajinyoosha mpaka nusura amponyoke. Anjeline akainamisha kichwa, akajinusa. Marashi yalikuwa bado yapo. Jana kabla ya kwenda kanisani alijipaka nyuma ya masikio na katikati ya matiti, kisha kwa furaha tu akamdondoshea mtoto tone moja utosini, ili padre ajue anambatiza mtoto wa maana. Lakini jioni alikuwa ameoga, tena kwa sabuni ya kufulia.

Marashi yale, jamani, hayakuwa haya ya kununua dukani kwa Mhindi. Yalitoka Paris, kwenye nyumba ya mitindo iitwayo Delorvane, na chupa yake ilikuwa nzito mkononi, kizibo cha kioo kimechongwa kama ua ambalo halijachanua. Mzungu mmoja wa Tororo, mke wa injinia, alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, alimwachia Akiteng, fundi wake wa nguo, na Akiteng ndiye aliyemfundisha Anjeline kushona. Akiteng aliiabudu nyumba ile. Ukutani kwake alibandika picha ya gazeti: mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu, amevaa gauni la Delorvane, anakutazama kana kwamba umemkanyaga.

"Angalia pindo lile," Akiteng alikuwa akisema. "Uzi uko wapi? Huuoni!"

Anjeline aliliona pindo, lakini roho yake ilikuwa kwenye chupa. Hakuelewa watu wa kushona nguo wanauzaje maji ya kunukia, na wala hakujali. Siku aliyofunguliwa anuse, kwanza ilikuja asmini, halafu sukari inayoungua, halafu kitu cha uvuguvugu, kama shingo ya mtu aliyetoka usingizini. Hicho cha mwisho kilimtia kinyaa kidogo, na bado alikitaka.

Kisha Akiteng akafa. Kaka yake alikuwa kazini mbali, Nakuru, na haikuwezekana kuzika bila yeye, basi maiti akamsubiri kijijini kwao, Kirewa, katika joto la Februari mpaka wanawake waliomwosha wakawa wanapishana mlangoni kwenda kutapika. Ndipo chupa ikafunguliwa, maiti akamwagiwa nusu nzima. Na desturi ya pale inajulikana hata na watoto: kitu kikifunguliwa kwa ajili ya maiti, kiwe sabuni, kiwe kitana, kinashuka naye kaburini. Anjeline alikabidhiwa chupa aiweke miguuni pa mwalimu wake. Akaificha kwenye mshipi mpana wa gauni lake la gomesi. Nani azike Paris kwenye udongo wa Kirewa? Ndivyo alivyojiambia, mjinga yule.

Kufikia Jumatano harufu haikuwa tena ya juu ya ngozi. Alijisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa mtoni mpaka kifua kikachubuka, nayo ikazidi kupanda, asmini mbele, na nyuma ya asmini uvundo wa chumba kile cha Kirewa. Alipokamua maziwa kwenye kikombe yalitoka ya manjano, yanavutika kama kamasi, na yeye mwenyewe akakimbilia mlangoni kutapika. Maziwa ya ng'ombe Mangeni aliyatema. Mbavu zake zilianza kuonekana, na kilio chake kilikuwa kimepungua mpaka kikawa kama mlio wa paka.

Benedeta, mteja wa siku nyingi, alirudisha gomesi aliloshonewa, amelishika kwa ncha za vidole. "Mama Mangeni, usinikasirikie," akanong'ona. "Nguo yangu inanuka msiba."

Mchana huohuo, jua likiwa kali na watu wa mpakani wakipita barabarani na mizigo yao, Anjeline akasikia kizibo kikizungushwa ndani ya sanduku lililofungwa, krrr, kioo juu ya kioo, akaacha kupiga cherehani ili asikie vizuri, na hapo ndipo kitu kikamnusa nyuma ya shingo, taratibu, kwa pumzi ndefu isiyokwisha, kikateremka begani, kikapita kwapani, kikafika kwenye titi kikatulia hapo, kama mtu wa buchani anayetaka kujua nyama imeoza au bado, ila huyu alipojua kwamba imeoza alishusha pumzi ya mtu aliyeridhika.

Taaka, mama mkwe wake, ndiye aliyempeleka hadi Masaba, kwa Agwang, mganga mnene mwenye kiko na mdomo mchafu. Hata mlangoni hawajafika.

"Simama hapo hapo!" Agwang akapiga kelele, leso puani. "Mimi nasikia wewe tangu iko kule barabarani. Chupa ya maiti iko wapi?"

Anjeline akaitoa mshipini. Hakuwa na nguvu za kubisha.

"Ni Akiteng?" akauliza kwa sauti ndogo. "Amefuata chupa yake?"

"Akiteng nalala zake. Hii ni jini. Napenda harufu nzuri juu ya kitu imeoza, hapo ndiyo nyumba yake. Nyinyi natengenezea yeye nyumba, halafu wewe nabeba nyumba nakwenda nayo!" Agwang akatema mate, akamkazia macho. "Sasa sema kweli. Nani mwingine alipakwa?"

Anjeline akamtazama mkwewe. Taaka alikuwa amembeba Mangeni, mkono umefunika utosi wake. Alishazika watoto wake wawili wachanga, na tangu siku ya kwanza alikataza utosi wa mjukuu huyu usiguswe na mafuta ya mtu yeyote. Akijua, Anjeline angerudishwa kwao jioni hiyohiyo, mikono mitupu.

"Mimi tu," akasema.

"Mimi natoa pale naonyeshwa. Pale sikuonyeshwa, sitoi."

"Mimi tu, mama."

Basi akafukizwa kwa manyoya ya mbuzi na pilipili, akanyweshwa maji ya majani machungu, akanyweshwa tena, mpaka akatapika kitu kizito cha manjano chenye utando, kinanukia asmini, nacho kikajikusanya sakafuni na kuanza kutambaa kuelekea mlangoni, na Agwang akakifagia ndani ya chungu huku akikitukana matusi ya kuaibisha hata askari. Chungu na chupa vikazikwa siku hiyohiyo Kirewa, miguuni pa Akiteng. Njiani kurudi Anjeline alisikia harufu ya jasho lake, vumbi, na mvua iliyokuwa ikinyesha mahali fulani. Alifurahi mpaka akalia.

Nyumbani akaingia chumbani na mtoto, akakaa kitandani, akafungua blauzi. Mangeni akalidaka titi. Akanyonya kwa pupa, koo likipanda na kushuka.

"Kunywa, baba," Anjeline akamwambia, machozi yakimtiririka. "Kunywa tu, mwanangu."

Akainama ambusu utosini. Asmini. Halafu sukari inayoungua.

Mtoto akaliachia titi, akafumbua macho, akaanza kumnusa, taratibu, kwa pumzi ndefu ambayo haikuweza kutosha katika kifua kidogo kama kile, kutoka titi hadi kwapani, kutoka kwapani hadi shingoni, kisha akashusha pumzi ya mtu aliyeridhika, akarudi kunyonya, na tone lililomteremka kidevuni lilikuwa la manjano.

"Ananyonya?" Taaka akauliza nyuma ya mlango, kwa sauti ya chini, ya kuogopa kutumaini.

Anjeline alijaribu kumtoa. Fizi zikakaza.

"Ananyonya, mama," akasema.