Chai Hukataliwa Mara Mbili

Dervla Scully alimwona kwanza kwa mgongo, katikati ya msongamano wa soko la Moore Street, Dublin, wachuuzi wakinadi samaki na maua kwa mkupuo mmoja. Koti la sufu, kola imeliwa na nondo, kiunoni limefungwa kamba ya katani. Dervla alikuwa mshonaji wa mavazi ya filamu, na koti la namna ile ndilo alilokuwa akilitafuta mji mzima.

"Kaka! Koti hilo unaliuza?"

Kijana akageuka, macho ya kijivu, mvua ikimdondoka puani. "Nikikuuzia, nivae nini?"

"Nitakushonea jingine. Lisilo na panya mfukoni."

"Panya nimemrithi," akajibu, wote wakaangua kicheko.

Jina lake Lionel Uniacke. Kumbe filamu aliyokuwa akiishonea Dervla ilitokana na riwaya ya shangazi wa babu yake, juu ya jumba lao linalobomoka mashambani. Dervla akataka kujua kila kitu. Ni kweli mnakula mmevaa makoti? Kweli. Na ndoo za kukingia mvua sebuleni?

"Kila moja ina jina lake."

Tangu hapo simu hazikukoma.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, nami nawaza ndoo zako?"

Siku upigaji picha ulipokwisha, Lionel alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, ameshika kofia. "Dervla, tuoane?"

Moyo wake ukaruka. Lakini mdomo ulikuwa umelelewa na mama yake. "Aa, hapana bwana! Mimi na jumba lile wapi na wapi?"

"Samahani kwa kukusumbua," akasema Lionel, akaondoka.

Dervla akabaki na sindano mkononi, akingoja arudi kumuuliza tena. Kwao hata kikombe cha chai hukataliwa mara mbili, kikapokewa ya tatu. Nani akubali mara ya kwanza, kama mwenye njaa? Lakini Lionel hakurudi. Simu ikanyamaza, majani yakapukutika, na Dervla akaapa hataitazama filamu ile.

Jioni ya onyesho la kwanza, simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Lionel watu walikuwa wakicheka.

"Dervla, nieleze. Hapa kwenye filamu, bibi wa jumba anamkaribisha chai binti wa fundi viatu. Binti anasema hapana. Bibi anaondoa birika. Mbona ukumbi mzima unavunjika mbavu? Kwetu ukurasa huo wa riwaya hauchekwi."

"Kwa sababu binti ana kiu, mjinga wewe! Anangoja aulizwe tena!"

Lionel akauliza polepole: "Aulizwe mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi niliuliza mara moja."

"Ukachukua birika lako ukaenda."

"Basi nauliza. Utaolewa na mimi?"

"Aa, usijisumbue," akasema Dervla, huku mkono wake ukihangaika kutafuta mkono wa koti.

"Dervla Scully. Utaolewa na mimi?"

Dervla alikwisha kufika barabarani, mvua usoni, simu sikioni.

"Ndiyo," akasema. "Na ndoo zako zote."